Orodha ya Waliousikia Wimbo

Tunayo heshima kubwa kuwatangazia wakaaji wote wa Butembo, wa Beni na wa vijiji vya katikati kwamba Riposte Dhidi ya Muziki wa Dunia imefaulu kwa asilimia mia moja. Wanaosema vinginevyo ni wale wanaopenda kusema vinginevyo. Mimi Ézéchias, encadreur, yaani mlezi, wa vijana kwenye paroisse yetu na katibu wa Riposte, naandika maelezo haya kwa mkono wangu, bila kulazimishwa na mtu.

Kwanza niseme juu ya njia ya kazi. Watu wa huku hawahitaji kufundishwa riposte, yaani vita ya kuzima mlipuko wa ugonjwa, ni nini. Ule ugonjwa wa homa ya kutoka damu ulipoanzia Mangina mwaka wa 2018, tulijifunza yote: ndoo ya maji ya klori mlangoni, kipimo cha joto kwenye paji la uso, liste ya contacts, yaani kila aliyekaa karibu na mgonjwa, na siku ishirini na moja za kuchungwa. Ugonjwa uliisha, ujuzi ukabaki umekaa bure. Chef Kabongo, mkubwa wa Bureau ya Vijana na Burudani, ambaye serikali ilitutumia kutoka Kasai ili atupende, aliona hiyo ni hasara.

"Ézéchias," aliniambia, "bijana banaambukizana nyimbo. Mutu mumoja anaimba asubui, mangaribi quartier muzima iko naimba. Ile ni maladie. Donc tutumie njia ya maladie."

Nilimkubalia palepale. Miaka kumi na miwili nimehubiri dhidi ya muziki wa kisasa, na vijana wananisikiliza kwa adabu, sikio moja kwangu, lingine kwenye écouteur. Mtu anachoka, jamani.

Tukapanga madaraja. Anayetikisa kichwa wimbo ukipita ni mshukiwa. Anayeuliza "ni ya nani ile?" ni mgonjwa wa kudhaniwa. Anayejua ubeti wa pili, huyo amethibitishwa, hana haja ya kipimo kingine. Mlangoni mwa salle, ule ukumbi wa paroisse, tuliweka ndoo ya kunawia masikio. Wamama walilalamika kwamba klori inachoma. Niliwajibu kwamba jehanamu pia inachoma, na huko hakuna taulo.

Sasa Jemima. Ni binti wa kwaya yetu, ana miaka ishirini na sita, anapiga gitaa kuliko wavulana, na hilo nimeshamsamehe. Vijana wa Beni walikuwa wamemwalika yeye na wenzake watatu waimbe kwenye misa ya watoto waliokimbia vijiji kwa sababu ya vita, wale wa upande wa Mangina na Kamango wanaolala ndani ya madarasa ya shule. Lakini kila wimbo mpya sharti usikilizwe kwanza bureau. Wakaja siku ya Jumanne. Chef na mimi tulifunga mlango na madirisha kwa ajili ya usalama wa umma, na Chef akawasha simu yake arekodi, kwa ajili ya archives.

Ubeti wa kwanza ulisema: "Njia ya shamba imeota majani, mama anauliza nani atatangulia." Wa pili ukasema: "Chef, ulisema unakuja. Kiti yako tulipanguza, vumbi ikarudia. Unakuja siku gani?"

Nilitafuta dhambi. Sikuona mapenzi, sikuona pombe, sikuona kiuno. Hilo lilinitia wasiwasi mkubwa, maana dhambi isiyoonekana ndiyo mbaya zaidi. Halafu nikagundua kwamba mguu wangu wa kulia, chini ya meza, ulikuwa unafanya kazi bila ruhusa. Nikaandika: gitaa lina joto.

Chef yeye aliona kitu kingine. "Ile chef ya mu wimbo," aliuliza, "ni chef gani?"

"Ni chef yoyote, Chef," Jemima akasema.

"Yoyote ni bengi sana."

Tukatoa uamuzi: mabinti wanne, wote wamethibitishwa, siku ishirini na moja bila kuimba wala kupiga mluzi. Misa ya Beni ilikuwa baada ya siku kumi na mbili.

Jemima alinifuata mpaka uani. "Kaka Ézéchias, bale batoto banatungojea. Kati yabo kuko batoto ba shangazi yangu. Tangu batoke kwabo habajaimba, hata kusema banasema kidogo tu. Nisipoenda nitabaambia nini?"

"Uwaambie uko contact."

"Miye nilikuwaka contact ya kweli," akasema. "Mama yangu alikufia mu hema ya bagonjwa, bakanihesabia siku makumi mbili na moja, hata kumugusa hapana. Ile kintu musiifanyie muchezo."

Nasema kweli, moyo uliniuma dakika nzima. Halafu nikamwonyesha mahali pa kusaini. Tangu siku hiyo nilipita kwake kila asubuhi na kila jioni, namsikiliza mlangoni, na kuandika kwenye fiche yake, ile karatasi ya kuchungwa: hajaimba. Kazi ni kazi.

Ikaja sehemu ya sensibilisation, yaani kuelimisha umma. Watu watakimbiaje wimbo wasioujua? Chef alitoa ubeti wa kwanza kwenye simu yake, akautia ndani ya clé USB, tukampa Josaphat, dereva wa pikipiki mwenye megaphone nyuma. Alizunguka Butembo nzima, kutoka Kimemi mpaka Mususa, akipiga: "Attention, wimbo huu ni hatari." Kisha ubeti. Kisha: "Umeusikia? Kimbia."

Siku ya tatu hali ilikuwa mbaya. Mama Émérance, anayekaanga mandazi mbele ya soko, alikuwa anauimba huku anageuza mafuta. Wanafunzi waliuimba kwenye mstari wa asubuhi. Askari wa barrière walisimamisha magari ili waulize kama kuna mtu anaujua mwisho wake. Madereva wa pikipiki waliupeleka Manguredjipa, ukashuka na wachimbaji mpaka ndani ya mashimo ya dhahabu. Daftari ya contacts ilijaa, tukanunua nyingine, nayo ikajaa. Haya yote yalithibitisha kwamba hatukukosea: wimbo ulikuwa hatari kweli, na tulikuwa tumeonya mapema.

Chef akawaandikia wakubwa wa Beni kuomba msaada. Beni wakamtuma Madame Aurélie, inspectrice, mama mfupi mwenye miwani ambaye aliwahi kufanya kazi kwenye riposte ya kweli na hajacheka tangu hapo. Alifika Ijumaa asubuhi, siku mbili kabla ya misa, akaketi mbele ya salle iliyojaa watu, akauliza swali moja: "Cas zéro, yaani mgonjwa wa kwanza, ni nani?"

Chef alinyoosha kidole. "Ni huyu mutoto mwanamuke. Jemima. Yeye njo alitunga."

Jemima akasimama. "Madame, niruhusu nifanye liste vile tulifanyaka. Kisha mama kufa, nilitumikaka na riposte. Nilitembea Mangina nyumba kwa nyumba."

"Fanya," alisema Madame.

"Mama Émérance, ile wimbo uliipata kwa nani?"

"Kwa pikipiki ya Josaphat," Mama Émérance alijibu. "Alipita mara sita. Mandazi iliungua sababu nilikuwa nangojea ya saba."

"Na weye Josaphat?"

"Mu clé ya bureau. Baliniambia nikimbize batu. Batu balikimbia kweli, mais balikuwa nakimbia nyuma ya pikipiki."

"Na mu clé iliingia namna gani?"

Jemima akaweka fiche yake mezani. Madame akaihesabu: saini yangu mara ishirini, hajaimba, hajaimba, hajaimba.

"Ézéchias anasainiaka bila kuangalia," Chef akasema haraka.

Hapo niliumia. Miaka kumi na miwili ya utumishi, mtu anasema hivyo mbele ya paroisse. "Samahani, Chef," nikasema, "miye nasikilizaka kwanza, njo nasaini. Huyu hajaimba hata neno moja." Watu wakapiga makofi. Nilifikiri wananipigia mimi.

Madame Aurélie akafungua procès-verbal yetu, maandishi ya kile kikao cha Jumanne. Alieleza kwamba ubeti wa pili haukupita kwenye megaphone hata mara moja, donc anayeujua aliupata ndani ya bureau. Akaanza kuusoma kwa sauti ya mtu anayesoma liste ya misumari: "Chef, ulisema unakuja. Kiti yako tulipanguza..." Akanyamaza. Akatoa miwani, akaanza kuifuta.

Wimbo kuachwa katikati ni kama chafya inayokataa kutoka. Nilimwona Chef anashika meza, shingo inamtoka mishipa. "Vumbi ikarudia," akaimba Chef Kabongo, kwa sauti nzuri sana ya bass ambayo hatukuijua. "Unakuja siku gani?" Ningependa kushuhudia kwamba nilimfunika mdomo. Nilikuwa kwenye sauti ya pili.

Madame akavaa miwani. "Hii sheria ya Riposte iliandikwa na nani?"

"Na miye," Chef akasema, na bado alijivuna kidogo.

"Bien. Tutaifuata. Cas zéro ni bureau. Chef na katibu, bote babili, babakie mu bureau siku makumi mbili na moja. Babinti baende Beni."

"Lakini wataambukiza Beni nzima," nikasema.

"Beni nzima inaijua tayari. Miye niliishika pale Maboya, mu njia ya kuja huku, mu gari." Hakutabasamu.

"Madame," Chef akasema, "miye niko chef."

"Njo ile wimbo inasema," Jemima akamjibu polepole, akachukua gitaa lake akatoka. Mlango wa bureau ukafungwa nyuma yetu, kwa kufuli yetu wenyewe.

Jumapili mchana Josaphat alikuja dirishani kutuletea habari. Jemima aliimba. Watoto wa shangazi yake walikaa chini, hawasemi kitu, na kwenye mara ya tatu yule mdogo akafungua mdomo, kisha dada yake, kisha darasa zima. Nililia, siwezi kuficha. Muuguzi aliyewekwa kutuchunga aliandika machozi yangu kwenye safu ya dalili.

Muuguzi huyo anafuata maandishi kuliko hata mimi. Kwenye kifungu cha kumi na moja, nilichokiongeza mwenyewe kwa ajili ya vijana wakaidi, imesemwa kwamba mtu akiimba akiwa bado anachungwa, siku zake na za mwenzake zinaanza upya. Na Chef, kila asubuhi akinyoa ndevu, kabla hajajikumbuka, anauliza kwa ile bass yake: unakuja siku gani? Ni wiki ya sita sasa. Bureau imefungwa, barua za watu wa mashamba zinapitishwa chini ya mlango, na tunazisoma zote, maana hatuna kazi nyingine. Zote zinauliza jambo moja.

Leo Mama Émérance alipita nje na beseni lake la mandazi, akamsikia. Akasimama dirishani. "Chef," akasema, "ile swali ni siye tunakuulizaka. Sasa weye unauliza nani?"

Chef alinigeukia, wembe mkononi, povu bado shavuni, kama vile mimi ndiye ninayejua. Muuguzi alikuwa ameshafungua daftari. Akaandika: siku ya kwanza.