Goti Langu na Maji ya Cahuita

Jumamosi, 27 Julai

Miaka ishirini ya ndoa. Miaka ishirini namwahidi Yorleny nitampeleka Cahuita, avae miwani ya maji na mrija, aone samaki kwenye matumbawe. Kila mwaka nina sababu. Leo kasema hii ndiyo ahadi yangu ya mwisho anayoisikiliza. Nimelipia chumba, Alhamisi mpaka Jumamosi. Hongera, Olman!

Kasoro moja. Alhamisi ukoo mzima unakwenda kuhiji kwa miguu mpaka kanisa la Bikira Maria kule Cartago, na mkuu wa msafara ni mama mkwe, doña Carmelina. Ningeweza kumwambia ukweli. Mdomo ninao. Badala yake nimeanza kuchechemea. Mgonjwa hatembei, na mke hamwachi mgonjwa. Wakishaondoka, sisi mbio kwenye basi.

Jumapili, 28 Julai

Mama mkwe kauliza goti lipi. Nikasema la kushoto. Akasema asubuhi lilikuwa la kulia. Nikasema linahama. Akalia, maskini. Yorleny akaninong'oneza nimwambie mama ukweli kabla sijapelekwa kukatwa mguu.

Sijamwambia.

Jumatatu, 29 Julai

Nimefanya mazoezi. Miwani usoni, mrija mdomoni, kichwa ndani ya karo la kufulia. Kuinuka, mama mkwe huyu hapa! Nikasema daktari kaagiza nivute mvuke. Akatia kidole majini. Akasema, "Mwanangu, mvuke wa maji baridi?"

Kisha akanionyesha kimguu cha fedha, kidogo kama kidole, alichoninunulia nimpelekee Bikira. Kaniwekea nadhiri: nikipona, nitatembea mwenyewe mpaka Cartago. Na kwetu nadhiri ya Bikira haichezewi, hata kama umewekewa na mwingine.

Jumanne, 30 Julai

Nimempigia Selvin, kiongozi wetu wa majini kule Cahuita, asogeze siku. Kanicheka. Kasema, "Kaka, bahari haina miadi na wewe. Maji yametulia siku hizi, mvua ikirudi mto utamwaga tope, utaona samaki wa kuchora."

Basi, mpango mpya. Nipone leo, nitembee kesho peke yangu, Alhamisi niwe huru! Saa kumi jioni nikatupa fimbo. Mama mkwe akapiga kelele, muujiza! Mtaa ukajaa. Bibi mmoja kaleta nyonga yake niishike. Sasa wote wanataka kutembea Alhamisi na mtu wa muujiza. Kutangulia kesho? Wamekataa katakata.

Jumatano, 31 Julai

Nimeungama. Jikoni, machozi kwenye kikombe. Goti, mvuke, muujiza, chumba, vyote. Mama mkwe akaendelea kukoroga maji yake ya sukari guru. Akauliza kama mguu ni mzima kweli. Mzima, mama. Akasema basi nitatembea, nadhiri ina jina langu. Yeye katembea miaka arobaini na moja, Bikira anamjua kwa sura. Mwaka huu kitanda cha Cahuita kisilale bure.

Nikamtazama Yorleny anitetee. Alikuwa anamtafutia mama yake nguo ya kuogelea.

Alhamisi, 1 Agosti

Yorleny na mama yake wameondoka na basi la asubuhi. Mimi kilomita ishirini na mbili, kimguu cha fedha mfukoni, majirani nyuma. Kila tukipumzika wanataka nisimulie muujiza. Nilikusudia kusema kweli. Kituo cha kwanza nikasimulia kidogo tu. Kufika mlima wa Ochomogo nilikuwa nimeshaongeza malaika.

Ijumaa, 2 Agosti

Yorleny kapiga simu. Kapiga mbizi! Kaona pono wa buluu akitafuna jiwe, mpaka kausikia mlio. Doña Carmelina hataki kutoka majini, Selvin anambembeleza, "Mama mkubwa, na samaki nao wapumzike." Wanakula wali na maharage ya nazi. Kisha Yorleny akasema ahadi imetimia, ila alitaka aione na mimi.

Hilo limeniuma kuliko malengelenge.

Nikaingia kanisani, nikaungama kwa padri. Kweli tupu, malaika pia. Nikaapa sitadanganya tena. Nimetoka mwepesi, mtu mpya.

Nikiwa kwenye basi la kurudi nimepata njia. Nitamwambia mama mkwe kwamba padri kanipa kitubio: siku tatu Cahuita, mume na mke peke yao. Padri hakusema hivyo, lakini hakukataza. Akiuliza padri gani, nitasema yule mrefu. Kanisa kubwa lile, hakosekani mmoja mrefu.