Shata ya Marehemu Rehani

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Siku njema! Dunstan wa studio ya jirani amenuna tangu asubuhi. Bi Hajira amesafiri kutoka Kwaluguru mpaka hapa Kilole, akampita yeye na mashine yake ya kuchapia picha, akaingia kwangu. Kwangu, Faraji! Nikampa shikamoo yake. Akafungua kanga, akatoa kamera ya mkanda ya marehemu mumewe, Mzee Rehani, baba Munira, aliyewapiga picha wazazi wetu wote kwenye makambi ya mkonge. Shata imeganda, kile kipazia ndani ya lenzi. Ukibonyeza hakifunguki. Anataka niitengeneze, kisha nikampige picha nyumbani kwake kwa kamera hiyohiyo. Mkanda wa marehemu bado umo ndani. Nikamwambia simu yangu inapiga vizuri zaidi. Akasema picha yake ilikwisha kuanzwa, inasubiri kumaliziwa. Sikuelewa. Nikasema hakuna shida bibi, kazi ndogo hiyo.

Sijawahi kutengeneza kamera maishani mwangu.

Jumanne, 5 Agosti
Nimetia mafuta ya cherehani. Dunstan akachungulia dirishani, akasema shata haitaki mafuta, mafuta ndiyo yanayoigandisha. Ifutwe kwa petroli kidogo, ikauke. Wivu huo! Nikaongeza mafuta. Sasa lenzi inang'aa kama sahani ya maandazi na shata haitikisiki.

Jambo moja. Alasiri nilikuwa nampiga mteja picha ya pasipoti. Nikamwambia, kama ninavyowaambia wote, tulia hapohapo. Kamera ikalia yenyewe rafuni. Cha! Mteja akageuka. Nikamwambia mafuta yameanza kufanya kazi. Nikaikimbilia, nikabonyeza. Imeganda vilevile. Na dukani kulinuka dawa ya kusafishia picha, dawa ambayo sijawahi kuwa nayo.

Alhamisi, 7 Agosti
Bado. Nimeigeuza kamera itazame ukuta, maana sipendi inavyonitazama. Kurudi kutoka kula, inatazama kiti cha wateja. Dunstan tu huyo! Mlango nilikuwa nimeufunga kwa kufuli, lakini Dunstan ana mambo yake.

Nimepata mbinu. Nitaibana simu chini ya kamera, nifunike vyote kwa kitambaa cheusi, nibonyeze simu, na mlio nitautoa mwenyewe kwa ulimi. Bibi wa watu atajuaje? Nimefanya mazoezi mpaka ulimi umevimba.

Ijumaa, 8 Agosti
Sikukuu ya Nanenane. Nimeitumia Kwaluguru.

Kiti kilikuwa tayari uani. Bi Hajira amevaa gauni la kijani, maua ya plastiki mapajani. Akasema hivi ndivyo alivyokaa siku ile. Mumewe alimwinua kidevu kwa kidole, na kidole chake siku zote kilikuwa cha baridi. Akabonyeza, shata ikagoma. Akamwambia tulia hapohapo, nakuja. Akaingia ndani kuchukua bisibisi, akaangukia mlangoni. Alitoka akiwa amebebwa. Bibi akasema mpaka leo hajaambiwa ainuke.

Niliona aibu. Kweli niliona. Kisha nikabonyeza simu chini ya kitambaa na kutoa mlio kwa ulimi.

Akatikisa kichwa. Huo si mlio wake, anaujua, ameishi nao tangu alipoolewa. Jasho likanitoka! Ili nipate muda nikamwendea, nikajifanya namnyooshea mtandio. Mdomo, kwa mazoea tu, ukasema tulia hapohapo.

Cha!

Nyuma ya kamera hapakuwa na mtu. Ila kitambaa kilikuwa kimetuna, kama kinavyotuna kikiwa juu ya kichwa cha mpigapicha. Kuku wote uani walikuwa wamenyamaza. Bi Hajira akatabasamu, si kwangu. Akasema ahsante baba Munira, umechelewa sana. Akainuka.

Jumamosi, 9 Agosti
Mzee Mathias, mpigapicha mstaafu ambaye bado ana dawa zake za zamani, amenisafishia mkanda. Imetoka picha moja. Bi Hajira ametulia, kila ua linaonekana, anacheka na mtu aliye nyuma ya kamera. Mimi nimeinama pembeni, mdomo wazi, uso ukungu mtupu kwa sababu nilitikisika. Mathias akasema hiyo ni kazi ya Rehani, anaitambua popote. Nikamwambia ni yangu. Akaweka kidole kwenye uso wangu wa ukungu.

Simu yangu imepiga kitambaa.

Jumapili, 10 Agosti
Nimempelekea bibi picha yake. Alilia, akaifunga kwenye kanga, akasema sasa nyumba imepoa. Kamera ameniachia. Ila nisiitie mkanda mwingine kamwe. Kazi yake imekwisha, nimwache mzee apumzike. Nikaapa mbele ya mlango ule alioangukia.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimetia mkanda mpya.

Hebu fikiria! Mpigapicha hodari, hali chakula, haugui, hadai mshahara. Dunstan atafunga duka. Kibao nimeshakiandika: FARAJI, FUNDI WA KAMERA ZA KALE. Kilichobaki ni picha yangu kubwa ya kuweka mlangoni. Nikaweka kamera kwenye miguu yake mitatu, nikafunika kitambaa, nikakaa kitini na kufunga tai. Nikasema tulia hapohapo.

Haikulia. Nikarudia kwa ukali, kama bosi.

Ikaja harufu ya dawa. Kitambaa kikatuna. Kisha kidole cha baridi kikaniinua kidevu, polepole.

Sijapenda. Siku ya kwanza kazini tayari anamsahihisha tajiri wake! Huyu lazima nimwekee mipaka mapema.