Kipimo Kilichowaweka Dunmore Mkiani

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimekamilisha Kipimo cha Stubblefield, kilichobeba jina langu mwenyewe! Kwa kila timu ya shule inayocheza mpira wa Kimarekani katika kanda yetu ya Texas Magharibi nimechukua yadi ilizopata kwa pasi, nikazigawa kwa idadi ya pasi ilizorusha, kisha nikatoza adhabu kwa kila pasi iliyonyakuliwa na adui. Ulinzi nimeupima kwa hesabu hiyohiyo, imepinduliwa. Kukimbia na mpira kwapani nimekupuuza. Mabaki ya zama za kale.

Matokeo yanasisimua. Dunmore, wapinzani wetu wa Ijumaa, ni wa mwisho kwa mashambulizi na wa mwisho kwa ulinzi. Wameshinda michezo yote mitano. Bahati ya kutisha! Kihesabu, lazima ikome.

Jumanne, 7 Oktoba

Kifungua kinywa cha mashabiki, mkahawani kwa Nadine. Kocha wetu, Hutto, alitangaza kwamba msaidizi wake wa kibanda cha juu, anayeutazama uwanja na kumnong'oneza la kufanya, amekwenda kupasuliwa goti. Atakayeleta mpango wa kuwashinda Dunmore atarithi kiti na vipokea sauti hadi msimu uishe.

Kiti hicho! Tangu nihitimu chuo mwezi Mei ninalala katika chumba changu cha utotoni, na mji mzima unaniuliza nitaanza kazi lini. Aliyevaa vipokea sauti haulizwi.

Mpinzani wangu: Colby, mume wa dada yangu, muuza matrekta, aliyeichezea timu hii enzi zake na hajaacha kuisimulia. Alidai Dunmore hawarushi kwa sababu kukimbia kunawatosha, na kwamba wapinzani wao hurusha sana kwa sababu wameshaachwa mbali kwa pointi. Nilimjibu kwa hoja saba. Ya tatu ilihusu falsafa ya sayansi.

“Shemeji,” akasema, akimwagia rojo skonzi zake, “wewe unapima nguvu za fahali kwa kuhesabu mayai aliyotaga.”

Wakacheka. Hata Nadine. Wivu wa wasiosoma.

Jumatano, 8 Oktoba

Nilimvizia Kocha kwenye maegesho ya shule. Chati za rangi nne! Ulinzi dhaifu namna ile dhidi ya pasi. Basi turushe kila mara, mwanzo hadi mwisho. Alilalamika kwamba Easton, mrushaji wetu, hupoteza shabaha pasi ikivuka yadi kumi. Nilimweleza kwamba udhaifu wa Dunmore unafidia. Alizipekua chati, akakiri hana mpango mwingine.

“Haya, kijana. Ijumaa utakaa juu.”

Nimempigia Colby simu kumjulisha. Alikata. Nikampigia tena.

Jumamosi, 11 Oktoba

Naandika kwa utulivu wa mwanachuoni.

Jana ilikuwa sikukuu ya shule ya kuwakaribisha wahitimu wa zamani. Wasichana wote na mashada yao ya maua kifuani, kwa desturi ya Texas, riboni hadi magotini. Mama alinishonea langu, la kiume, la kuvaa mkononi, pana kama sinia, lenye kengele. Kila niliponyoosha kidole, zililia ndani ya masikio ya Kocha. Aliuliza kama kuna ng'ombe kibandani.

Tukarusha. Wakanyakua. Tukarusha. Wakanyakua. Dunmore wakakimbia, wakakimbia, bila hata adabu ya kurusha! Mapumziko: 42 kwa 0. Kocha aliuliza tufanye nini sasa. Nilimwambia turushe. Kipindi cha pili Dunmore wakawapumzisha vigogo wao, na hapo Easton akafunguka. Yadi mia tatu! Tumefungwa 49 kwa 21, lakini mwelekeo ulikuwa wetu.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimehesabu upya. Siamini macho yangu! Dunmore walirusha pasi moja tu, ikaanguka chini: ulinzi wetu dhidi ya pasi sasa ni wa kwanza kandani. Mashambulizi yetu yamepanda kutoka nafasi ya sita hadi ya pili, baada ya kuilegeza kidogo adhabu ya kunyakuliwa. Dunmore wamezidi kudidimia.

Nilimpelekea Kocha hesabu hizo baada ya ibada, nje ya kanisa. Vipokea sauti alikuwa ameshampa Colby. Siasa za kujuana. Kocha alisoma kurasa zote. Kisha, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake:

“Kijana, wapelekee hizi Pruitt Springs.”

Pruitt Springs ndio tunaocheza nao Ijumaa ijayo.

Heshima iliyoje! Ametambua kwamba mji mmoja haunitoshi. Nimeshawapigia. Kocha wao atanipokea kesho asubuhi, na ushauri wangu uko tayari: warushe kila mara.