Usukani Usiotaka Kulia

Jumatatu, 4 Agosti
Binti yangu amepiga simu. Anakuja Jumamosi na mjukuu wangu. Wiki nzima! Hataki kugombaniwa, kasema: atakayewapokea stendi ndiye atakayewalaza. Nikasema mimi kabla hajamaliza. Akaniarifu kwamba mjomba wake naye ameshajitolea. Nilijua! Shemeji yangu huyo, kaka wa marehemu mke wangu, hutaka kile tu ninachokitaka mimi. Ana gari jipya na nyumba yenye kelele za watoto. Mimi nina gari la zamani na vyumba vitatu vilivyonyamaza.

Nikaenda kupasha injini. Injini safi. Usukani haukugeuka hata unywele. Umekaza kama ngumi ya bahili.

Jumanne, 5 Agosti
Nimemwita fundi. Akaingiza kichwa chini ya dashibodi, akatoka na utando wa buibui kwenye nyusi. Kasema, mzee wangu, shafti ya usukani imeshika kutu, gari limekaa mno bila kutembezwa. Alivute hadi gereji, alifungue, apake grisi, Alhamisi ninalo. Karibu nikubali. Halafu akataja kwamba gereji yake inatazamana na nyumba ya shemeji. Mtego! Shemeji alione gari langu juu ya jeki, tumbo wazi? Nikamwambia fundi usukani umeshapona wenyewe. Akanitazama. Akasema, haya mzee, pole kwa kupona.

Jumatano, 6 Agosti
Mbinu ya kwanza: kulainisha. Grisi sikununua, mwenye duka ana mdomo. Nimemimina mafuta ya kupikia kwenye shafti, chupa nzima, kisha nikakaa garini kusubiri yapenye. Nikakaa hadi jua likachwa. Kiti cha pembeni bado kimesogezwa mbele, alivyokipenda mke wangu. Sijakirudisha. Hakuna mwenye miguu mirefu anayekidai.

Usukani: bado. Sisimizi: wamefika.

Alhamisi, 7 Agosti
Sisimizi wameita ukoo.

Mbinu ya pili: nguvu. Nimefunga bomba la chuma kwenye usukani nikaning'inia kwa uzito wangu wote. Kishindo! Umeachia! Unakata kushoto vizuri ajabu. Kulia hautaki kusikia. Ukiulazimisha unalia kama mbuzi.

Shemeji akachungulia getini. Akauliza nachinja nini humo. Nikasema nasafisha. Akasema, sasa shemeji, kwani tunashindania nini, twende wote Jumamosi kwa gari langu, wewe ukae mbele. Ujanja ulioje! Anataka niwe mgeni wa wageni wangu. Nikakataa kwa heshima. Akasimama kidogo kama mtu mwenye neno jingine, nikamwambia nina kazi. Akaondoka. Ushindi. Nyumba ilikuwa kimya sana baada ya hapo.

Ijumaa, 8 Agosti
Ugunduzi! Mwenye kushoto hahitaji kulia. Kata kushoto mara tatu, umekata kulia. Nimechora ramani ya kushoto tupu mpaka stendi, kisha nikaitembea kwa miguu kuihakiki. Kwa njia ya kawaida stendi ni karibu. Kwa kushoto ni safari. Muuza magazeti aliponiona napita tena na tena akaniuliza, baba, umepotea? Nikamwambia ni mazoezi.

Nimebadilisha mashuka ya chumba cha wageni. Yale ya mwaka jana yalikuwa na vumbi, lakini hayakuwa na mkunjo hata mmoja.

Jumamosi, 9 Agosti
Kushoto, kushoto, kushoto. Safi! Mbele ya stendi wanachimba mtaro wa maji. Askari akanielekeza kulia. Nikasema siwezi. Akauliza, huwezi au hutaki? Nikasema gari ndilo halitaki. Nikazunguka. Nikamrudia palepale. Safari ya tatu akanipigia saluti.

Nilimwona binti yangu kwenye geti la stendi, mtoto mgongoni. Amekonda. Nikapiga honi. Stendi nzima ikageuka isipokuwa yeye. Mzunguko uliofuata alikuwa anaangalia barabara, upande mwingine. Nafasi ya kuegesha ilikuwepo, lakini kulia. Na mtu mwenye gari hawezi kuliacha akaenda kupokea wageni kwa miguu, kama asiyenalo! Mzunguko uliofuata getini hapakuwa na mtu.

Simu nilikuwa nimeiacha nyumbani kwenye chaji. Jirani kanieleza: walikuja kwa teksi, hapa hapa kwangu, wakakaa kwenye ngazi hadi mtoto akasinzia. Ndipo wakampigia mjomba.

Jioni binti akapiga. Baba, tulikuja kwako kwanza, ulikuwa wapi? Nikasema njiani. Akasema chakula kipo mezani kwa mjomba wake, naye anakuja kunichukua mimi. Nikasema asisumbuke, usafiri ninao.

Nimekula mkate.

Jumapili, 10 Agosti
Kwa shemeji, ukitoka getini kwangu, ni kulia moja tu. Nimeitazama kona hiyo asubuhi nzima kupitia kioo cha gari.

Saa tisa wamekuja wenyewe, kwa miguu. Mjukuu akakaa mapajani mwangu, akazungusha usukani kushoto, akacheka hadi akakohoa. Nikawaambia chumba kiko tayari. Binti akasema mtoto ameshazoea wenzake kule, bora nihamie mimi kwa mjomba wake wiki hii. Mjomba mwenyewe ameshaniandalia kitanda. Nikasema gari haliachwi peke yake. Akanioshea kikombe, wakaenda.

Mlangoni alisema likizo ijayo hawatapitia stendi wala kwa mtu, watakuja moja kwa moja kwangu, nikae tu nyumbani niwafungulie.

Thubutu! Nimemkataza kabisa. Wasubiri stendi, getini, mimi nitawafuata. Dosari ya mpango wangu nimeiona: nilikwenda kwa mbele. Nikienda kinyumenyume, kushoto itakuwa kulia. Kesho nafanya majaribio.