Mashimo ya Modeli ya Nne

3 Juni, Jumatatu
Mkaguzi wa ndege anakuja Jumamosi. Akinipa kibali, nitauza ndege zangu nyepesi zikiwa vipande ndani ya sanduku. Mnunuzi ataziunga mwenyewe kwao. Akininyima, mama mkwe anachukua gereji yake aliyoniazima na kumpa mwanawe, shemeji yangu, achomelee vitanda. Shemeji keshapima sakafu. Vitanda!

Ukoo wa ndege zangu hadi sasa: Modeli ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu. Hakuna iliyowahi kupaa. Si kosa lao. Kila moja ikikaribia, napata wazo bora zaidi.

4 Juni, Jumanne
Mkaguzi kapiga simu. Anataka kumwona mtu wa kawaida, asiyenijua, akiunga ndege kwa kufuata maelekezo yangu. Mke wangu aliwahi kuyasoma, akauliza kama yanahusu ndege au cherehani.

Mpango: mama mkwe. Atajifanya mpita njia. Nitamfundisha Modeli ya Tatu mpaka aiunge kwa macho yaliyofumbwa. Mke wangu anasema nimerukwa na akili. Mama mkwe, ajabu, kakubali. Kasema anachotaka ni jambo hili liishe, kwa heri au kwa shari.

5 Juni, Jumatano
Mama mkwe ni moto wa kuotea mbali! Mabawa yamekaa, mkia umekaa, na chai yake haijapoa. Shemeji kachungulia dirishani, kaondoka bila salamu. Leo nitapata usingizi.

7 Juni, Ijumaa
Sikupata. Nikiusogeza mhimili wa bawa nyuma vidole viwili, bawa litatulia zaidi kwenye upepo. Mama mkwe alipojilaza mchana, nikachukua drili. Nikatoboa mashimo mapya, ya zamani nikayaziba kwa vizibo vya mpira. Sasa ni Modeli ya Nne. Nzuri mno! Sijamwambia mtu. Wasiwasi nilionao unatosha nyumba nzima.

8 Juni, Jumamosi
Maafa. Mpita njia wetu kapita, kashangaa vizuri, kaanza kuunga. Mikono ilikuwa inakwenda yenyewe. Ilipofika kwenye mhimili, bolti ikagoma. Akajaribu tena. Akashika kiuno: "Mkwe wangu, mashimo haya umeyahamisha lini?"

Mbele ya mkaguzi! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Shemeji, aliyekuja makusudi kuona nikiaibika, alicheka mpaka akapaliwa. Mkaguzi akamgeukia, akamuuliza kama ananipenda. Shemeji akajibu hata kidogo. Basi aunge yeye, akasema mkaguzi. Asiyenitakia mema akifaulu, yeyote ataweza.

Mama mkwe aling'oa vizibo vyangu kwa koleo, akasimama nyuma ya mwanawe, mikono kifuani. Shemeji alianza kuunga huku amenuna. Akasoma, akakuna kichwa, akasoma tena. Kufikia bolti ya mwisho alikuwa anaiita "ndege yangu" na kutukataza kuigusa.

Mkaguzi akairusha mwenyewe. Ikakimbia uwanjani, ikasita. Nikafumba macho. Nikasikia mke wangu akipiga kelele. Kufumbua, inapaa juu ya miti! Nililia, na sioni haya kuandika.

Kibali nimepata: Modeli ya Tatu, kwa mashimo yale ya zamani. Mkaguzi kasisitiza kwamba nikiongeza tundu lolote, kibali hakuna. Mama mkwe kaninyang'anya drili hapo hapo.

9 Juni, Jumapili
Raha tupu. Mke wangu anaimba jikoni. Mama mkwe kasema gereji ni yangu. Nimekaa kwenye kiti cha ndege nikijipongeza. Kiti kiko mbele kidogo. Kidogo tu. Mwenye miguu mirefu atateseka.

Nilijikaza mpaka adhuhuri. Mikono ilikuwa inawasha. Nikaenda kwa shemeji kuazima drili yake, nikitegemea matusi. Kumbe naye tangu jana kile kiti kinamkera!

Modeli ya Tano ina mashimo mawili tayari. Moja kalitoboa yeye.