Askari wa Hosteli

Jumatano, 6 Agosti
Nimefika nyumbani Kathonzweni kwa "likizo ya jeshi". Watoto wananipigia saluti. Mama ananiita afande mbele ya majirani.

Ukweli unabaki humu. Januari, siku ya kuandikisha makuruta, daktari alitazama nyayo zangu, bapa kama chapati, akanirudisha. Kumbe Mama alikuwa ameshasimama kanisani na kushuhudia kwa imani kwamba nimechukuliwa! Mbuzi alikuwa ameshaliwa. Nani angemwambia? Nilirudi kimya chuoni Kitui, hosteli, chumba kimoja na Abdisamad. Miezi saba sasa.

Leo Nzilani, mwenyekiti wa vijana wa kanisa, ametangaza kwamba Jumapili nitawaeleza tofauti ya urafiki wa chuoni na wa jeshini. Eti mimi tu nimeonja yote mawili. Nimekubali. Ningekataaje?

Alhamisi, 7 Agosti
Mpango: nisimulie hosteli, nibadilishe majina. Abdisamad akiamka alfajiri kuswali na kunivuta blanketi, hiyo ni nidhamu. Sufuria moja ya tambi, vijiko sita: undugu wa kikosi. Nimempigia simu. Amecheka hadi akakohoa, akasema basi yeye ni jenerali. Nimetulia.

Ijumaa, 8 Agosti
Sijatulia! Sajenti Mulinge, wa kanisa letu, amekuja likizo. Ya kweli. Miaka kumi na minane jeshini. Nilimwona sokoni nikachutama nyuma ya magunia ya ndengu. Mwenye ndengu akapaza sauti: afande amepoteza nini huko? Mulinge akageuka.

Jumapili, 10 Agosti
Nilizungumza dakika ishirini. Chuoni, nilisema, una marafiki siku ile una unga. Jeshini hata mliyegombana naye hali chakula mpaka ufike. Makofi. Hapo ningeketi. Nikaongeza kwamba mvua ikinyesha gwaride huahirishwa, tunalala. Mulinge, kiti cha mbele, aliacha kutafuna peremende.

Baada ya ibada alinishika bega, akataka nambari yangu ya jeshi. Nilimtajia ya usajili wa chuo. Akasema, kwa upole wa kutisha: kuruta, kwetu mwenzako hukupa nafasi moja. Mwambie mama yako kabla ya Jumapili ijayo, ama nitasema mimi, kanisani.

Alhamisi, 14 Agosti
Sijalala vizuri tangu Jumapili. Mara tatu nimemfuata Mama jikoni nimwambie. Ya tatu nilifika hadi neno "Mama". Akanikatiza: tangu nichukuliwe, wale waliomcheka yeye siku Baba alipotutoroka sasa humsalimia kwanza. Nikaomba chumvi.

Jumapili, 17 Agosti
Pasta aliuliza nani ana ushuhuda. Mulinge akaanza kuinuka. Nilimshinda mbio hadi kwenye kipaza sauti. Nilikusudia kusema ukweli, naapa! Kisha nikamwona Mama, kitambaa kipya kichwani, ameshaanza kulia kwa furaha.

Nikatangaza kwamba nimeacha jeshi. Nimeitwa kuhubiri.

Kanisa lilivuma. Mama alipiga magoti. Mulinge aliketi polepole, akajifunika uso kwa Biblia. Mabega yake yalitikisika, sijui kwa hasira ama kicheko. Pasta amenipa mimbari Jumapili ijayo, mahubiri ya saa nzima. Aliniuliza Mungu aliniita lini hasa, na kwa maneno gani.

Nimemwambia hiyo ni siri ya jeshi.