Kompyuta Zilizoanikwa Juani

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimeona kitu! Ofisi moja mjini inahama na inauza kompyuta mpakato zilizotumika, kwa bei ya kutupa. Wakanifungulia stoo. Zimepangwa kama matofali, nyeusi, kimya, zinang'aa. Nikavua kofia bila kujua. Hebu fikiria: kila kidubwasha kimebeba akili za watu chungu nzima, nacho kinaingia kwapani!

Wazo likanijia palepale. Shirika letu linatengeneza viti vya magurudumu vilivyochakaa na kuwapa wasioweza kutembea. Karakana tunayo. Mafundi tunao. Basi tununue kompyuta chakavu, tuzitengeneze, tuziuze, faida itengeneze viti. Mimi ndiye mratibu wa miradi. Nisipoona mbali mimi, aone nani?

Nikampelekea mhazini, mwalimu mstaafu ambaye moyoni namwita Bi Hapana. Akasema hapana. Eti fedha iliyopo ni ya kununulia magurudumu madogo ya mbele, na wa kwanza kwenye foleni ni shangazi yangu mwenyewe, sioni haya? Tena akauliza nani kati yetu amewahi kufungua kompyuta. Maswali ya kuvunja watu moyo hayo!

Jumatano, 5 Juni

Bi Hapana kaenda kung'oa jino. Nafasi hiyo!

Nikaingia kwa Mwenyekiti na andiko langu mkononi. Hoja yangu kuu: hatutaanzisha utaratibu mpya hata mmoja. Kompyuta itapita njia ileile ya kiti. Getini, kuoshwa, juani, kwa fundi, rafuni. Mwenyekiti alisoma, akarudia, akasema kuna watu wamejaliwa. Nilitoka mle naelea. Ameruhusu jaribio dogo, na Jumatatu bodi itaamua kama tuendelee. Fedha ya magurudumu imetoka. Itarudi na wenzake, sina shaka.

Nyumbani Shangazi kauliza magurudumu yake yamefikia wapi. Tangu la kushoto lilipovunjika, anashinda dirishani. Shoga yake wa tangu usichana yu mgonjwa, nyumba ya saba, mtaa huuhuu, na hawajaonana. Salamu wananituma mimi, nami husahau. Nikamjibu yako njiani. Akasema hiyo njia ina kona nyingi, mwanangu. Nikajitia kusoma simu.

Ijumaa, 7 Juni

Mzigo umefika, kompyuta na mfuko wa chaja zake! Karakana nzima iliacha kazi kuja kutazama. Fundi mkuu hakuwepo, alikuwa kwa mgonjwa mmoja kumpimia kiti. Si kitu.

Sasa, karakana yetu ina sheria moja isiyovunjwa: fundi hagusi kitu kisichooshwa. Viti huja na matope, na mengine nisiyotaka kuyaandika. Tuna mama wawili wa kazi hiyo, na wanaijua. Yule mkubwa akaniuliza, hizi nazo? Nikamwambia hapa hakuna ubaguzi. Akauliza tena. Nikamsomea andiko, mstari kwa mstari. Kisha nikaenda kunyoa kwa ajili ya bodi.

Ijumaa hiyohiyo, jioni

Niliporudi nilikuta kompyuta zote ziko juu ya kichanja, zimefunguliwa kama vitabu, zinatazama jua, maji yanachuruzika. Zimetakata! Zinanukia sabuni! Wale mama wamesugua katikati ya herufi na herufi kwa mswaki. Nasema kweli, kwa muda sikuona kosa lolote. Niliona uzuri mtupu. Katika maisha yangu ya kazi sijapata kuona vitu visafi vile.

Fundi mkuu akaja akasimama kando yangu. Akauliza kwa sauti ya chini, betri zilitolewa kwanza? Nikamgeukia mama mkubwa.

Mama mkubwa anasema aliniuliza mara mbili. Ni kweli. Lakini aliuliza kwa upole mno. Angenifokea ningeelewa.

Jumatatu, 10 Juni

Bodi yote karakanani. Bi Hapana, shavu bado limevimba, amekaa mbele kabisa.

Fundi akachomeka kompyuta ya kwanza. Kimya. Ya pili, kimya. Nikaanza kuhesabu vigae. Akachomeka nyingine, akabonyeza, na jamani! Kioo kikapambazuka, buluu, kikatukaribisha. Mama mkubwa alijiziba mdomo kwa khanga. Hata Bi Hapana alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kitu kimeogeshwa kwa sabuni, kimeanikwa kama shuka, na bado kinasema karibu! Binadamu ameumba nini huyu? Machozi yalinilenga.

Kisha tone la maji likaonekana ndani ya kioo. Likashuka taratibu, na sisi sote tukalifuata kwa macho. Lilipofika chini, giza. Na moshi kidogo.

Mwenyekiti akauliza kama nina la kusema. Nikasema matokeo yanatia moyo.

Bi Hapana hakunigombeza, ndilo lililoniuma. "Maji yakimwagika hayazoleki," alisema. "Lakini shangazi yako utamwambia nini?"

Ikapigwa kura ya kutonunua tena kompyuta. Mikono yote juu, hata wangu, kwa bahati mbaya, maana nilikuwa najikuna, kichwa kilichonyolewa kinawasha.

Nilimweleza Shangazi kila kitu. Aligeukia dirisha, mwishowe akaniomba nipeleke salamu. Leo nimezipeleka. Shoga yake hawezi tena kuinuka kitandani bila kushikwa. Aliniuliza Shangazi anakuja lini. Naona haya, naandika hivyohivyo.

Jumatano, 12 Juni

Bi Hapana kanipiga chenga! Aliingia stoo akakuta ule mfuko wa chaja, zote kavu. Mama wa kuosha hawakuzigusa kwa sababu sikuzitaja kwenye andiko. Akazibeba mpaka kwa mafundi wa kompyuta mjini, na kumbe chaja za aina ile zinagombaniwa. Karudi na magurudumu. Si ya foleni nzima, waliobaki watangoja. Lakini ya Shangazi yamo.

Mwanamke huyu ni kiboko. Sitamwambia.

Ijumaa, 14 Juni

Fundi amefunga magurudumu asubuhi. Nikamtoa Shangazi mpaka barabarani, nimeshika kiti kwa nyuma, niko tayari kumsukuma.

"Niachie," akasema. "Usinisukume."

Nikaachia. Akaenda. Mikono ile iliyokonda! Nyumba ya pili, ya tatu, akakwepa shimo, akamsalimia jirani bila kusimama. Kwenye mlango wa saba alibisha, akafunguliwa, akaingia. Halafu nikasikia wazee wawili wanacheka na kulia kwa pamoja. Nilibaki katikati ya barabara, mdomo wazi, mpaka mwenye baiskeli akanipigia kengele. Sijui kama nitaona tena jambo kubwa kama hili.

Nikakaa kwenye ngazi, nikafikiri. Magurudumu yametoka kwenye chaja. Chaja zimetoka kwenye kompyuta. Kompyuta zimetoka kwa nani? Kwangu! Kwa hiyo jaribio limefaulu, ila bodi haijang'amua.

Nimeanza andiko jipya. Kuna studio ya picha inafunga, inauza kamera zake zote. Utaratibu uleule. Tena kamera ni ndogo, hazitakula sabuni nyingi.